Macho Yangu Umeyaweka Wapi?

Mimi ni mpiga picha wa Ukata, wilayani Mbinga. Nilianza kazi hii mwaka 2003, enzi za filamu ya picha 36, na kwa zaidi ya miaka kumi nililichukia jua la saa sita. Leo natoa ushuhuda wa namna jua hilo lilivyogeuka kuwa msaidizi wangu. Aliyenigeuza hakuwa fundi wala mwalimu wa kamera. Alikuwa bibi mkulima wa kahawa, aliyenirudishia picha mkononi na kuniuliza swali moja.

Nianze na nilivyokuwa.

Mpiga picha wa kijijini hachagui kazi. Unapiga pasipoti za wanafunzi, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, harusi, mahafali ya darasa la saba, misiba. Nilibeba begi langu begani kutoka Ukata hadi Mbinga mjini, nikapanda Litembo, nikateremka ziwani Mbamba Bay na Liuli. Filamu ikijaa niliipeleka Songea kusafishwa, nikarudi na bahasha. Mteja alikuwa amelipa nusu, na nusu nyingine alimalizia siku ya kuchukua picha. Siku hiyo ndiyo niliyoiogopa. Watu walifungua bahasha, wakatazama, wakanyamaza. Nyuso zao zilikuwa nyeusi tii, hazina macho, huku shati jeupe likiwaka kama bati jipya. Wengi walinilipa bila neno, kwa sababu walidhani picha ndivyo zilivyo. Wengine, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, walidhani wao ndivyo walivyo.

Mimi nilikuwa na majibu tayari. Jua lilikuwa kali. Ulikunja uso. Ungevaa shati la rangi nyingine. Na lipo moja baya kuliko yote, ambalo nalitamka hapa kwa kuwa anayetoa ushuhuda huku akificha kosa lake anajidanganya: "Wewe ni mweusi sana, kamera haikushiki." Nimewaambia hivyo watoto wa Komunyo, mishumaa ikiwa bado mikononi mwao. Nimemwambia hivyo bwana harusi mbele ya mke wake, saa moja baada ya kufunga ndoa.

Mwaka 2011 nilipata kamera ya dijitali na kompyuta. Ningeweza kuanza upya, lakini nilichojifunza kilikuwa kusugua. Nilifungua uso kwenye programu, nikauvuta mwanga wake juu mpaka ngozi ikawa rangi ya majivu, nikauchapisha. Kuna waliofurahi. Kuna bibi harusi aliyeniomba kabisa nimtoe mweupe kuliko dada zake. Nilifanya, nikapokea fedha, nikaona nimeendelea. Sasa najua nilichokuwa nafanya: nilikuwa nawapaka watu mkorogo wa kompyuta.

Wapiga picha wenzangu wa mjini walinishauri jambo moja: subiri. Piga asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni baada ya saa kumi na moja, jua likiwa chini na rangi yake ya dhahabu. Ushauri huo ni wa kweli, na mwanga wa saa hizo ni mtamu. Lakini huku kwetu alfajiri mtu yuko njiani kwenda shambani, na mwezi Juni na Julai ukungu umelala mabondeni. Jioni mama anateka maji na kuwasha moto. Misa ya ndoa inaanza saa nne na kutoka saa sita. Kwenye mahafali, mgeni rasmi anamaliza hotuba saa saba. Ziwani, mitumbwi ya usipa inaingia asubuhi, na mpaka usipa uanikwe, jua limeshapanda. Saa ambayo watu wetu wameoga, wamevaa, na wamekaa pamoja ndiyo hiyo hiyo ya jua kali. Mpiga picha anayesubiri mwanga wa dhahabu atawapiga wale wenye nafasi ya kusubiri naye. Waliobaki wataendelea kukosa macho.

Hali yangu ilikuwa hiyo mpaka Agosti 2014.

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto. Niliitwa upande wa Litembo, kwa bibi mmoja mjane, mkulima. Alitaka picha moja tu, kubwa, ya kuweka kwenye fremu. Hakuzunguka. Aliniambia ni picha ya kumuaga nayo: ile inayotangulia mbele ya jeneza, inayosimama juu ya meza wakati wa ibada, kisha inayotundikwa ukutani ili wajukuu waseme huyu ndiye bibi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu wa kupanga mambo yake mapema, kama anavyotenga mbegu kabla ya mvua.

Alivaa kitenge chake cha sikukuu, rozari shingoni, kitambaa cheupe kichwani. Nikamsimamisha katikati ya uwanja uliofagiwa. Ilikuwa saa saba kasoro. Nikapiga mara mbili, nikaondoka.

Baada ya wiki nilirudi na picha. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akamwita mjukuu wake wa miaka kama kumi aitazame naye. Kisha akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "macho yangu umeyaweka wapi?"

Nikamwambia jua lilikuwa kali, bibi.

"Jua lilikuwepo. Na mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa unatazama nini?"

Sikuwa na jibu. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwa upole kwamba watoto wake hawawezi kumuaga huku wakitazama mashimo mawili. Halafu akainuka, akamwambia mjukuu wake kwamba muda wa kufunika kahawa umefika.

Anayetoka kwenye kahawa anajua. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, bado imevaa ganda lake jembamba, huanikwa juu ya vichanja. Inahitaji jua, lakini jua la mchana likiipiga moja kwa moja ganda hupasuka, na kahawa iliyopasuka ganda haiendi kwenye daraja zuri. Kwa hiyo saa za jua kali hufunikwa, na jua likipungua hufunuliwa. Jambo hilo nilikuwa nimeliona tangu utotoni bila kulitazama. Bibi alikuwa na mashuka meupe ya zamani, yaliyochoka kwa kufuliwa. Alishika ncha mbili za shuka moja, mjukuu akashika mbili, wakalitandaza juu ya kichanja.

"Jua silifukuzi," alisema, kana kwamba anazungumza na kahawa. "Bila jua haikauki. Nalivisha nguo tu."

Mjukuu alikuwa mfupi. Kwa kulivuta shuka mpaka upande wa pili, ilibidi apite chini yake. Hapo ndipo nilipomwona. Dakika iliyotangulia uso wake ulikuwa umekunjwa, kivuli cha paji la uso kimeyameza macho, kivuli cha pua kimeangukia mdomo. Chini ya shuka uso ulifunguka wote. Rangi yake ilikuwa ile ile, nyeusi, yenye joto, lakini sasa niliona shavu linapoanzia na linapoishia. Na ndani ya kila jicho kulikuwa na kipande kidogo cheupe kama dirisha. Lilikuwa ni shuka lenyewe, linang'aa machoni pake.

Nikamwomba bibi aketi pale chini ya shuka nimpige tena. Akakataa.

"Leo umeshangaa tu, hujajua," aliniambia. "Kahawa hii itakaa hapa kama wiki mbili. Nenda kajifunze. Rudi kabla sijaiingiza kwenye magunia."

Nilirudi Ukata nikiwa na wiki mbili. Sijawahi kusoma kwa bidii kama nilivyosoma wiki hizo, na darasa langu lilikuwa uwanja wa nyumba yangu.

Nilichukua chungu cha maji, nikakiweka katikati ya uwanja, nikakitazama kila saa kivuli chake kinakwenda wapi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba jua letu halifiki kileleni saa sita. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa longitudo ya digrii 45, na sisi tuko karibu na digrii 35, magharibi zaidi. Kwa hiyo jua la Mbinga hufika juu kabisa karibu saa sita na dakika 40, likitangulia au kuchelewa kidogo kufuatana na mwezi. Miaka yote nilikuwa nangoja saa sita ipite, nikidhani ubaya umekwisha, kumbe ndio naingia katikati yake.

La pili ni mwelekeo. Tuko takriban digrii 11 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na karibu na tarehe 22 Oktoba. Siku hizo kivuli cha mtu huingia chini ya miguu yake. Lakini mwezi Juni, hata likiwa kileleni, jua huegemea kaskazini, na kivuli cha mtu hufika kama theluthi mbili ya urefu wake. Kwangu huo ukawa ufunguo wa kazi. Juni mpaka Agosti naweza kumgeuzia mtu mgongo kaskazini: jua linamshika mabega na nywele, na uso unatulia upande wa kivuli. Oktoba, msimu wa harusi baada ya fedha za kahawa, hakuna upande wa kugeukia. Oktoba lazima utafute paa.

La tatu lilinifungua akili zaidi. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la filamu ilikuwa na kanuni niliyoikariri tangu 2003: jua likiwaka bila wingu, tundu la lenzi liwe f/16, na spidi ikaribiane na ISO ya filamu, filamu ya 100, spidi 1/125. Mtu akiwa kwenye kivuli kilicho wazi, fungua tundu mpaka f/4. Nilikuwa naimba kanuni hiyo bila kuihesabu. Kutoka f/16 hadi f/4 ni hatua 4, na kila hatua hubadili mwanga mara mbili. Maana yake kivulini kuna kama sehemu 1 tu ya 16 ya mwanga wa juani. Sasa fikiria uso wa mtu saa saba mchana. Paji la uso na ncha ya pua viko juani, macho yako kivulini, na vyote viko kwenye eneo dogo unaloweza kulifunika kwa viganja viwili. Kamera yangu haikuweza kuvibeba vyote. Jicho la binadamu linaweza, ndiyo maana pale uwanjani nilimwona bibi vizuri nikaamini nimempiga vizuri.

Kamera nayo ilikuwa inanidanganya kwa njia yake. Ikiachiwa ipime yenyewe, huchukua wastani wa kila kilichomo ndani ya fremu. Ikiona kitambaa cheupe, ukuta wa chokaa na bati linalowaka, hudhani dunia nzima ina mwanga mwingi, ikapunguza. Anayelipa gharama ya hesabu hiyo ni uso mweusi ulioko katikati. Nikajifunza kuusogelea uso mpaka ujaze fremu, nipime hapo, nifunge kipimo hicho, ndipo nirudi nyuma nipige. Kitambaa kikiungua kidogo, kiungue. Hakuna aliyewahi kunirudishia picha akiniuliza kitambaa chake nimekiweka wapi.

Makosa hayakukosekana. Shuka langu lilikuwa dogo, nikatundika turubai la buluu. Mwanangu akatoka amepauka rangi ya samawati, kama mtu aliyetolewa majini. Mama yake hakutaka hata kuitazama picha ile. Nikamweka chini ya migomba, akatoka wa kijani. Nikamweka chini ya mwembe, jua likapenya kwenye majani na kumtia madoadoa usoni, moja likakaa juu ya pua. Ndipo nikaelewa kwa nini bibi hakutumia chochote ila shuka jeupe. Mwanga hubeba rangi ya kila unachopita, na uso hupokea kila unacholetewa.

Nikagundua pia mlango. Nyumba zetu ndani ni giza na uwanja mbele ni mwangavu. Msimamishe mtu kizingitini, hatua moja ndani ya kivuli cha paa, atazame nje. Jua halimgusi, lakini uwanja uliofagiwa unarudisha mwanga kutoka chini na mbele, unaingia mpaka ndani ya macho. Udongo wetu mwekundu unaongeza joto kwenye ngozi. Nyuma yake ni giza tulivu la chumba, hakuna bati wala kamba ya nguo. Ni studio ambayo kila kaya imeshaijenga. Na pale panapokosekana mwanga wa kutosha kutoka chini, nikachana kiroba cheupe cha mahindi, nikampa mtoto akishike usawa wa kifua cha mteja, akielekeze juani mpaka mwanga upande kidevuni.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote lilihusu ngozi yenyewe. Nilikuwa nimeaminishwa, nami nikawaaminisha wengine, kwamba ngozi nyeusi ni shida. Nikamkalisha mwanangu chini ya shuka, nikamtazama kwa muda mrefu bila kamera. Ngozi yetu huonyesha umbo kwa mng'ao. Jua tupu ni kitu kidogo kule juu angani, na mng'ao wake ni nukta kali: unaupata kwenye paji na pua, mahali pengine panazama. Shuka ni kitu kikubwa kilicho karibu, na mng'ao wake ni mpana, unateremka polepole kutoka paji hadi shavuni, kutoka shavuni hadi taya, kama mafuta yaliyopakwa kwa mkono wa mama. Ngozi nyeusi inaubeba mwanga huo kwa namna ya pekee. Niliyekosa nilikuwa mimi, kwa kuimulika vibaya.

Miaka kadhaa baadaye, mwanangu alipofika chuo, alinisomea simulizi ambalo lilinifanya ninyamaze. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kuhusu kadi zilizotumiwa na maabara za picha kupimia rangi. Kwa miongo mingi kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na mafundi walizoea kuziita Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Mashine zilirekebishwa mpaka yeye atoke vizuri. Roth anaeleza kwamba miongoni mwa waliochochea Kodak kuboresha namna filamu inavyoshika rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Chokoleti ilisikilizwa. Nikawakumbuka watoto wa Komunyo wenye mishumaa. Niliwalaumu kwa uso ambao Mungu amewapa, wakati kosa lilikuwa limetengenezwa mbali, nami nikalibeba mpaka kwenye uwanja wa kanisa kama vile ni langu.

Na bado wapo waliotutangulia wakashinda. Studio ya Capital Art pale Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliwapiga watu wa rangi zote za kisiwa kile. Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 akawapiga watu uani kwake kwa mwanga wa mchana, shuka la kitandani likiwa pazia nyuma yao. Zitazame nyuso alizopiga. Nyeusi, kamili, na macho yote yapo. Alikuwa na jua la Mali, ambalo si pole kuliko letu.

Siku ya kumi na mbili nilirudi Litembo. Kahawa ilikuwa bado kichanjani, imekauka kiasi cha kulia mkononi ukiipapasa. Nilifika saa sita kwa makusudi. Nilitaka jua lile lile.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikabisha.

"Milele amina. Umekuja na macho?"

Nikamweleza nitakachofanya. Tukafunga shuka jeupe kwenye nguzo za kichanja upande mmoja, na upande mwingine wakalishika mjukuu na binamu yake, juu ya kichwa cha bibi kiasi cha mkono mmoja. Nikamketisha kwenye kigoda, mgongo kaskazini, nyuma yake mlango wa ghala ukiwa wazi na giza. Nikalaza kiroba cheupe chini mbele ya miguu yake. Nikamwomba afumbe macho, apumzike, ayafumbue nikihesabu tatu. Mtu aliyekaa kwenye mwangaza macho yake huchoka, na ukimpa nafasi ya kuyafumba hurudi yakiwa yametulia. Nikausogelea uso, nikapima pale shavuni chini ya jicho, nikarudi nyuma.

Moja, mbili, tatu. Akafumbua.

Nilimwona kupitia lenzi, na kwa mara ya kwanza nikajua nilichokuwa nakitafuta miaka yote. Jicho la kushoto lilikuwa na kovu dogo kwenye nyusi. Mboni zilikuwa na ukingo wa kijivu wa uzee. Mistari ya pembeni ilipanda juu, mistari ya mtu aliyecheka zaidi ya alivyolia. Katika ile picha ya kwanza hayo yote yalikuwepo mbele yangu, nikayatupa gizani.

Nilichapisha bila kumng'arisha hata kidogo. Nilipompelekea, aliitazama muda mrefu, akampa mjukuu. Mtoto akasema neno moja: "Ndiye." Bibi akaifunga ndani ya kitenge, akaiweka kwenye sanduku la bati, akanilipa fedha zote, pamoja na za ile picha niliyoiharibu. Nilizikataa. Akasema ile ilikuwa ada ya shule.

Tangu siku hiyo nilijiwekea nadhiri mbili. Sitamwambia mtu tena kwamba weusi wake umeharibu picha. Na sitamfanya mtu aache saa yake aje kwenye saa yangu.

Nadhiri ya pili ilijaribiwa mwaka uliofuata, Mbamba Bay. Kikundi cha mganda kilitaka picha za wachezaji wake, kila mmoja peke yake. Wanaojua mganda wanajua mavazi yake: mashati meupe, kaptula nyeupe, soksi zimevutwa. Walikuwa wamemaliza kucheza saa saba, ufukweni, hakuna mti wala paa la karibu, na upepo wa ziwa uliling'oa shuka langu kila nilipolifunga. Zamani ningesema turudi jioni. Wengine walikuwa na mitumbwi ya kuandaa jioni.

Nikasimama nikatazama. Mchanga ulikuwa mweupe, unarudisha mwanga kwenye magoti. Mashati yalikuwa yanaumiza macho. Hayo ndiyo mashati yaliyonitesa miaka kumi, yanayoidanganya kamera na kuzamisha nyuso. Ndipo nikawaomba wawili wasimame kulia na kushoto kwangu, nje ya fremu, vifua vyao vikielekea jua. Yule wa kupigwa akasimama mbele yetu, jua nyuma yake. Mwanga ukagonga mashati ya wenzake ukamrudia usoni. Uso wake ukawaka. Akimaliza mmoja, anakuja kusimama upande wangu, shati lake linamwangazia anayefuata. Wote walipita hivyo, kila mtu akimulikwa na mwenzake. Katika macho ya kila mmoja, ukiichunguza picha kwa karibu, kuna mashati mawili madogo meupe.

Leo begi langu lina shuka jeupe la pamba, kamba, kiroba kilichochanwa, na flashi ndogo ambayo naiwasha mchana pale vyote vikishindikana, kwa nguvu kidogo tu, ijaze mashimo ya macho bila kushindana na jua. Vijana wananijia na simu zenye kamera nzuri kuliko ile niliyoanza nayo, wananiuliza wapakue programu gani ya kung'arisha. Nawaambia waifunge simu kwanza. Wamtazame mtu. Waulize macho yake yanapata mwanga kutoka wapi. Kama hawaoni unakotoka, wasipige. Wamsogeze hatua mbili, kizingitini, ukingoni mwa kivuli cha nyumba, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Jua la kwetu haliwezi kukosa mahali pa kuakisiwa. Anayekosa kuonekana ni yule ambaye hatukujisumbua kumtazama.

Bibi bado yupo, na picha bado iko sandukuni. Kila msimu wa kahawa napita kumsalimu. Mwaka jana nilifika saa sita na nusu, jua limepamba, nikamkuta amesimama peke yake kwenye kichanja na shuka mkononi. Mjukuu ameshakua, yuko masomoni mbali. Nikaanza kufungua begi nitoe kamera.

"Acha hiyo kwanza, mwanangu," akaniambia. "Shika upande ule."

Nikashika. Tukalitandaza pamoja juu ya kahawa, naye upande wa pili akiniangalia kutoka chini ya kivuli cheupe, macho yake yote mawili wazi.